Maua inayokula madini: kutoka mbigili ya Barberton mpaka maua ya shaba ya Katanga

Sisi wote tuliokomalia karibu na mine tunajua kusoma mawe. Mutoto wa Kolwezi ao wa Likasi, hata mbele ya kuanza masomo, anajua kusema: hii ya kijani njo malakiti, hii nyeusi inaweza kuwa na kobalti, hii nyekundu ni udongo bure. Lakini kuna alama ingine iko mbele ya macho yetu kila mwaka, na wengi wanaikanyaga na mabote bila kuiangalia. Ile alama njo maua.

Mu kusini mwa Afrika, kutoka huku Katanga mpaka ku Cap, kuna majani na maua yanayoota paka pale udongo una madini. Mengine yanakunywa madini yenyewe na kuyaweka mu majani yao. Mengine yamebaki machache sana, juu ya ile udongo inayoyalisha njo ile udongo sisi tunatafuta. Leo tutaanza mbali kidogo, mu Afrika ya Kusini, ku watu wanaofuata maua ya mbigili mulima kwa mulima. Kisha tutarudia ku vilima vyetu, na mpaka ku nyungu ya mboga, juu ile mambo ya maua na madini inafika mpaka pale.

Ua moja, kumbe ni maua mia

Kwanza tujue tunatafuta nini. Wenye kuchunguza mimea wanasema kuna familia moja kubwa sana ya maua, familia ya alizeti, ile tunaita tournesol. Salade ya ku soko iko mu ile familia. Kongobololo, majani machungu ya dawa, nayo imo. Na ile maua ya manjano inayojaa kandokando ya barabara mwisho wa mvua, ile ndefu kupita mutu, nayo ni ndugu yao. Lakini ile ni mugeni, jina lake Tithonia, ilitoka Mexico, na haina shida ya kupotea.

Ukitaka kuhakikisha kama ua ni ya ile familia, kamata kisu kidogo, ukate kichwa chake katikati. Utaona pale ulipofikiri kuna ua moja kuna maua mengi madogo yaliyobanana, kila moja sawa kamupira kembamba. Kila kamoja kanaweza kuzaa mbegu yake. Hata yale majani ya rangi yanayozunguka pembeni, kila moja ni ua lake peke. Ni sawa mungini: ukiwa mbali unaona moshi moja, ukikaribia unakuta nyumba mingi.

Mu ile familia kuna wapole na kuna wakali. Wakali njo mbigili, yenye miiba ku majani na chini ya kichwa cha ua. Mbigili ya Ulaya haina zile mbawa za rangi pembeni. Lakini mu Afrika ya Kusini kuna kabila moja ya mimea inayoitwa Berkheya, aina karibu 75, na nyingi zinaota kule tu. Hizo zimechanganya mambo yote mawili: miiba ya mbigili chini, na uso wa alizeti juu. Nyingi ni za manjano, chache ni nyeupe ao zambarau. Mutu anayezitafuta lazima avae suruali nzito, maana miiba yake haichezi.

Barberton, mulima wa zahabu na wa maua

Twende sasa Barberton. Ni muji mudogo mu jimbo la Mpumalanga, mashariki ya Afrika ya Kusini, karibu na mupaka wa Eswatini. Wachimbaji wa zamani wanajua ile jina. Mwaka wa 1884 walipata zahabu kule, na mwaka uliofuata wakagundua ule mushipa wa Sheba, na watu wakakimbilia kule kutoka pande zote. Mahema, baa, deni, bunduki, na wengi walirudi mikono mitupu. Sisi tunaojua karieri mupya inapofunguka hatuna haja ya kuelezwa.

Mu wale waliokwenda kutafuta zahabu kulikuwa mufanyabiashara mumoja wa Durban, Muscotland, jina lake Robert Jameson. Kule mu milima aliona ua moja ya rangi ya moto, nyekundu yenye kuelekea machungwa, ya familia yetu ile ya alizeti, lakini pole, bila miiba. Akachimba mizizi, akaileta Durban. Kutoka ku bustani ya mimea ya Durban ile ua ikaendelea mpaka Uingereza, na mwaka wa 1889 picha yake ikatoka mu gazeti kubwa la mimea la kule, na jina Gerbera jamesonii. Kisha wenye bustani wakaichanganya na ndugu yake mwingine, zikazaliwa rangi zote: ya waridi, nyeupe, manjano. Leo gerbera iko mu maua yanayouzwa zaidi mu dunia. Mukiona mu ndoa ao ku matanga bouquet yenye maua makubwa mviringo sawa jua ya kuchorwa na mutoto, pale kuna gerbera. Ilianza mu mifuko ya mutu wa mine.

Milima ya Barberton ni ya zamani sana. Mawe yake yana zaidi ya miaka miliari 3, na mwaka wa 2018 UNESCO iliyaweka mu urithi wa dunia. Mu ile milima kuna sehemu zenye jiwe moja la kijani lenye kuteleza, linaitwa serpentini. Udongo unaotoka mu serpentini ni mubaya kwa mukulima: chakula cha mimea kidogo, manyezi nyingi kupita kiasi, na tena nikeli na kromu. Mahindi yanakuwa ya manjano na kufupika. Miti mikubwa inakimbia. Ukiwa juu ya kilima unaona mupaka kwa macho: huku pori, pale majani mafupi tu. Na mu yale majani mafupi njo inasimama mbigili yetu.

Mbigili yenye kushiba nikeli

Jina lake Berkheya coddii, kwa heshima ya Codd, mutaalamu wa mimea wa Pretoria. Inapenda paka udongo wa serpentini wa pande zile za Mpumalanga. Ukitoka mu serpentini, haipo. Wakati wa kiangazi inakauka mpaka chini, mutu atasema imekufa. Mvua ikianguka, muzizi unaamka, inapanda mpaka kifua ya mutu ao kumupita, na kutoa maua ya manjano.

Sasa sikieni maajabu. Mu mumea wa kawaida, ukikausha kilo moja ya majani, nikeli utakayopata ni miligramu chache tu, chini ya 10. Wataalamu wameweka mupaka: mumea wenye kupitisha gramu 1 mu kilo moja ya majani makavu, huo unahesabiwa kama mula-nikeli. Berkheya coddii inapitisha gramu 10 mu kilo moja. Ni kusema asilimia 1 na zaidi. Kuna wachimbaji wa nikeli mu dunia wanaofanya kazi na mawe ya asilimia 1 ao 2 tu, na wanalipwa. Hapa tunasema juu ya jani.

Namna gani wanajua mu pori, bila laboratware? Wana karatasi nyeupe iliyoloweshwa na dawa moja inayobadilika rangi ikikutana na nikeli. Unakata kipande cha jani, unakibana juu ya karatasi mpaka maji yake yanatoka. Karatasi ikigeuka ya waridi ao nyekundu, nikeli iko. Ikibaki nyeupe, endelea na safari. Kwa ile karatasi tu, mutu anaweza kupima kilima kizima asubuhi moja.

Na kwa kupima vile wameona mambo ya kushangaza. Kwanza, mu milima ile ya Mpumalanga wameona aina tano zenye kula nikeli, na zote tano ni za familia ya alizeti: Berkheya tatu na Senecio mbili. Pili, moja ya zile Senecio, inayoitwa Senecio coronatus, ina tabia mbili. Ku kilima kimoja imejaza nikeli mu majani. Ku kilima kingine, pia cha serpentini, ni safi kabisa. Sura moja, jina moja, mwenendo tofauti. Njo maana muchunguzi wa kweli haandiki tu jina la ua. Anaandika na kilima, na jiwe, na siku.

Sababu gani mumea ujijaze sumu? Fikira moja yenye nguvu ni kwamba ile nikeli inafukuza wadudu. Lakini kila ngome ina mwizi wake. Kuna mududu mumoja mudogo wa ganda gumu, Chrysolina, anayekula majani ya ile mbigili bila kufa. Wataalamu walimufuata, wakaona nikeli nyingi anaitupa inje na mavi yake. Hivi mumea ulipata silaha, na mududu akapata dawa ya ile silaha.

Kuvuna nikeli sawa kuvuna mahindi

Mukisikia vile, mutu wa mine anafanya hesabu mara moja. Tuseme hektari moja imetoa tone 10 za majani makavu, na mu yale majani nikeli ni asilimia 1. Inakuwa kilo 100 za nikeli. Mwaka wa 1997 wachunguzi wa New Zealand waliandika juu ya ile mbigili ya Barberton na walifika ku hesabu ya karibu vile: kilo 100 ku hektari. Majani yanakatwa, yanakaushwa, yanachomwa. Tuseme mu kilo 100 za majani inabaki kilo 10 za jivu: kilo moja mu zile 10 ni nikeli. Jivu lenye asilimia 10, ni jiwe gani la mu karieri litashinda lile?

Haikubaki maneno ya karatasi. Kule Rustenburg, mu inchi ya platini, walipanda ile Berkheya ku udongo uliochafuliwa na nikeli pembeni ya usine, ili mumea uvute ile sumu kutoka chini. Mu inchi zingine, sawa Albania na Malaysia, wamejaribu na mimea ya familia zingine. Maana yake ni mbili: kusafisha udongo, na kurudisha gharama kidogo.

Lakini, wandugu, tusipande ndoto. Kilo 100 ku hektari kwa mwaka haiwezi kufunga mine hata moja. Mumea unavuta paka pale mizizi inafika. Chini ya pale hauna kazi. Na mambo ya nikeli hayaendi vilevile na shaba. Mimea mingi ya Katanga inayoishi juu ya shaba haiivuti mpaka mu majani. Inaifungia mulango chini, ku mizizi. Mutu akikuja mungini kuuza mbegu na kusema utavuna shaba mu bilanga sawa mahindi, mumushukuru na mumusindikize.

Namaqualand, pale shaba iliita watu

Mbele ya kurudia kwetu, tupite magaribi ya Afrika ya Kusini, mu inchi kavu ya Namaqualand. Kule shaba ilijulikana zamani sana. Mwaka wa 1685 gavana wa Cap, Simon van der Stel, alisafiri mpaka ku Milima ya Shaba kuona mawe ambayo wenyeji walikuwa wanayajua. Mu miaka ya 1850 mine ikafunguka kandokando ya Springbok.

Leo watu wanaenda kule zaidi juu ya maua. Mu mwezi wa nane na wa tisa, kama mvua ya baridi ilianguka vizuri, ile inchi ya mawe inakuwa machungwa na manjano mpaka macho yanauma. Ni jamaa ileile ya alizeti: Gazania, Ursinia, Dimorphotheca. Ukitaka kuyaona kuna sheria: maua yale yanafunguka jua likiwa kali tu, kutoka karibu saa nne ya asubuhi mpaka saa kumi. Siku ya mawingu yanabaki yamefunga. Na yanageuza uso ku jua, basi lazima jua likuwe mugongoni mwako. Ukiyatazama kutoka upande mwingine utaona paka migongo. Kuna mengine yanaota ku kilima kimoja ao viwili tu, na njo sababu watu wanazunguka na daftari wakati tembo la maua ni fupi: majuma machache, kisha yote imekauka.

Vilima vyetu visivyo na miti

Sasa turudie nyumbani. Kutoka Kolwezi mpaka pande za Lubumbashi kuna vilima zaidi ya 100 vyenye shaba na kobalti karibu na uso wa udongo. Mutu akipanda juu ya jengo ao ku ndege anaviona: pori la miombo linafunika kila kitu, kisha ghafula kuna upara, mahali bila miti, majani tu. Shaba njo imekataza miti. Ukitembea kutoka mu pori kupanda kilima, unavuka mistari: kwanza miti inafupika, kisha majani marefu, kisha majani mafupi na maua, mwisho mawe yenye mimea michache yenye kushikilia mu nyufa. Ba geologue wa zamani walifuata ile mistari sawa carte.

Mumoja wa wale waliandika vizuri mambo ile ni Mubelji Duvigneaud, ambaye mu 1963 alitoa kazi kubwa pamoja na mwenzake Denaeyer-De Smet juu ya shaba na mimea ya Katanga. Kisha professeur François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi ku Université ya Lubumbashi, akaendelea, kilima kwa kilima. Kwa kazi yao na ya wanafunzi wao tunajua leo kwamba juu ya vilima vile kuna mimea zaidi ya 30 isiyoota pahali pengine popote mu dunia, paka ku udongo wa shaba wa Katanga.

Yenye kujulikana zaidi njo Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Ni kadogo, zambarau yenye kuelekea bluu, ya jamaa ya basilic. Inapenda udongo uliosumbuliwa: kando ya shimo, juu ya remblai, ku njia ya malori. Inafanya maua mvua inapoelekea kwisha. Ile ua ilifichua hata siri za wakubwa wetu. Kule Luano, karibu na Lubumbashi, waliona inaota mahali ambapo hakuna mine; walipochimba, wakakuta mabaki ya fulu ya zamani ya kuyeyusha shaba. Wazee waliyeyusha mawe, wakaenda zao, miaka mia na mia ikapita, na ua likabaki kuonyesha mahali. Kuna tena Crotalaria cobalticola, ya jamaa ya maharagi, yenye maua ya manjano, inayopenda kobalti. Na familia ya alizeti nayo haikukosa: ku vilima vile kuna Anisopappus, vializeti vidogo vya manjano vyenye kusimama mu majani, ambavyo wengi wanapita wakifikiri ni takataka.

Ng'ambo ya mupaka, mu Zambia, ba geologue wa miaka ya 1950 walitafuta shaba kwa kufuata ua lingine la jamaa ya basilic, waliloita Becium homblei. Walipata mawe kwa lile ua. Lakini baadaye ikaonekana linaota pia pasipo shaba. Kwa hiyo creuseur asiache kazi kukimbilia kila ua la zambarau: ua ni shahidi, halafu lazima umuulize mara mbili.

Vumbi iliyodanganya, vumbi inayoua

Hapa kuna hadisi moja ambayo kila mama wa mungini anapashwa kuijua. Mu miaka ya 1970 na 1980, walipopima majani ya mimea ya vilima vyetu, walipata shaba na kobalti nyingi kabisa, hata mu vile vializeti vya Anisopappus. Wakaandika kwamba Katanga ina walaji wa shaba kupita inchi zote. Kisha, mu miaka ya 2000, wengine walirudilia kazi, lakini safari hii walisafisha majani vizuri kabla ya kupima. Namba nyingi zikaanguka sana. Sehemu kubwa ya ile shaba haikuwa ndani ya jani. Ilikuwa vumbi juu ya jani.

Kwa mutaalamu ni somo la laboratware. Kwetu ni somo la jikoni. Kama vumbi ya kilima inaweza kudanganya mashini za watu wakubwa, inafanya nini ku lengalenga na matembele yaliyopandwa kandokando ya barabara ya malori ya mine? Wachunguzi wa Université ya Lubumbashi na wa Louvain walipima mikojo ya watu wanaokaa karibu na mine na usine za Katanga, wakaona kobalti nyingi kupita kawaida. Walipotafuta inapitia wapi, wakaona njia kubwa mbili: kwa wakubwa, mboga zinazolimwa palepale, kwa watoto, vumbi inayoingia kinywani kupitia mikono, maana mutoto anacheza chini na anaweka kidole mu kinywa.

Basi mambo ya kufanya ni haya. Mboga ioshwe mu maji safi, si mara moja, mara mbili ao tatu, jani kwa jani, na yale maji ya kwanza yamwagwe mbali. Maji ya kuoshea yasitoke mu mutoni unaopokea maji ya usine. Papa anayetoka ku mine avue nguo za kazi inje, azikungute mbali na pale bukari inapikwa, na zisifuliwe pamoja na nguo za mutoto. Sakafu inyunyiziwe maji mbele ya kufagia. Mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula. Kuosha kunaondoa vumbi ya juu. Ile iliyokwisha kuingia ndani ya jani kupitia mizizi haitoki kwa maji. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuchagua, apande bilanga mbali na remblai na mbali na barabara.

Yanayopotea, na yanayoweza kubaki

Turudie ku maua. Ku mine ya Étoile, pale Kalukuluku karibu na Lubumbashi, palipofunguka mine ya kwanza ya Union Minière mu 1911, kuna kamumea kamoja kadogo, Crepidorhopalon perennis. Mu pori, hakajulikani pahali pengine mu dunia nzima. Makwao ni mine. Mashini ikila mita za mwisho za ule udongo, kamekwisha, hata ukitoa miliari za dola hakarudi.

Mutu atauliza: ua linalipa masomo ya mutoto wangu? Swali ni la haki, na jibu linaonekana kwa macho. Penga Penga, upande ule moshi wa cheminée ya Lubumbashi ulikuwa unaangukia, miti ilikufa na udongo ukabaki uchi wenye sumu, na vumbi yake inaruka mpaka mu manyumba. Université ya Lubumbashi ilijaribu kufunika udongo ule. Iliyosaidia njo majani yenye kuzoea shaba, sawa kale kajani kadogo ka Microchloa, kwa kuongeza chokaa na mbolea. Mumea wa bustani haukubali pale. Ule wa kilima cha shaba unakubali, maana umejifunza tangu zamani. Kila aina tunayopoteza ni mufanyakazi mumoja mwenye ufundi tunayemufukuza, na kesho, siku mine itafunga na kuacha shimo na vumbi, tutamuita na hatakuwa.

Na kuna namna. Kule Fungurume, kampuni ya mine ilifanya kazi pamoja na Université ya Lubumbashi na watu wa Gembloux, Ubelji, kuhesabu mimea ya kila kilima, kuchukua mbegu, na kuhamisha mapande ya udongo pamoja na majani yake mbele ya mashini kupita. Haiponeshi kila kitu, lakini inaonyesha inawezekana. Sheria ya mine ya 2018 inadai kampuni ifanye uchunguzi wa mazingira na watu wanaoizunguka, na ikae nao kuandika cahier des charges. Wakati ile mikutano inafanyika, tunaomba shule, maji, dispensaire, na ni vizuri. Tunaweza kuongeza mistari miwili: ule udongo wa juu uwekwe pembeni, usizikwe chini ya remblai, na kipande cha kilima kibaki, chenye mupaka, bila moto na bila shimo. Haigharimu sawa barabara.

Na wewe mwenye telefone mu mufuko, unaweza kuwa muchunguzi. Mwisho wa mvua, ukiona ua husilolijua juu ya udongo wa kijani ao mweusi, usiling'oe. Piga picha nne: mumea muzima, uso wa ua, chini ya kichwa cha ua, na jani upande zote mbili. Weka kalamu ao kipande cha pesa pembeni ili ukubwa ujulikane. Andika siku, jina la kilima, na aina ya jiwe lililo chini yake, maana ile ya mwisho wewe unaijua kupita wanafunzi wengi wa agronomie. Kisha ipeleke ku faculté ya agronomie ya Lubumbashi, ao ku mwalimu wa biologie wa shule ya karibu. Watu wa Barberton walijua mbigili yao juu ya watu waliopanda milima na karatasi mu mukono. Vilima vyetu viko pale, na wenye kuvipanda kila siku ni sisi.